Hesabu za Gari la Buluu

Yadi ya Dar walisema milioni kumi na mbili,
mwenyewe wa kwanza mama wa ofisini, hakulikimbiza.
Nikaandika kumi na mbili juu ya ukurasa,
nikapiga mstari, nikajua hesabu imekwisha.
Mimi, muuza misumari na saruji hapa Masasi,
miaka tisa nyuma ya kaunta,
nikasahau kwamba kununua ni arusi
na kutunza ndiyo ndoa.

Petroli kwanza.
Wengine magari yao yanatumia. Hili linakunywa.
Kwenda Ndanda na kurudi, safari ya kuonwa tu,
lita kumi, na hatukumsalimia mtu.

Kisha oili. Si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.
Ya kwake inapanda basi la usiku kutoka Dar,
ina kiti chake karibu na dereva,
laki na ishirini, na nauli, na soda ya konda.
Fundi Osmundi akachomoa kijiti, akakifuta, akakiinua juani
kama nesi anayesoma homa:
“Shemeji, linakula oili. Ni kawaida yake.”
Kawaida yake!

Plagi zimejificha ubavuni mwa injini,
kuzifikia mkono lazima uchubuke;
ngozi ya Osmundi nayo ina bei.
Tairi nyembamba kama chapati za kusukumwa kwa hasira,
moja ikapasuka kwenye matuta ya Chikundi,
lakini zinauzwa mbilimbili, kama pete.
Breki. Bima. Tochi ya trafiki pale Mnazi Mmoja.
Breki tena.

Mwezi wa sita likaanza kupiga mluzi.
Mfaume akatabasamu, “Sikia tabo hiyo!”
Osmundi hakutabasamu.
Tabo nyingine, ya gari lililofia Morogoro,
milioni moja na laki sita, bila dhamana.
Na mwezi wa sita kwetu ni mwezi wa salfa,
mashine za kupulizia zinalia shamba hadi shamba,
na pesa ya salfa ilikuwa kwenye kopo la maziwa,
na kopo, nilipolifungua,
lilikuwa na kopo.

Maua ya mikorosho yakaja, yakavaa unga.
Ubwiriunga hauna haraka, hauna mluzi.
Msimu wa nyuma magunia thelathini na manane,
huu, kumi na manne.
Yale ishirini na manne niyaandike wapi?
Nani hutoa risiti ya korosho ambayo haikuzaa?

Basi daftari langu halimwonei mtu, nami nimo.
Aprili tulitoka Lindi kwenye mazishi ya shangazi,
usiku, tumepita Nyangao, lami kavu, hakuna lori.
Mfaume akaniuliza, “Nipunguze?”
Mimi, ninayepima misumari hadi mmoja wa mwisho,
nikasema, “Ongeza.”
Akaongeza. Tumbo likabaki nyuma kidogo, likatufuata.
Nikacheka kicheko ambacho sikujua ninacho,
nguo za msiba mwilini, dirisha wazi,
ushungi ukanitoka kichwani ukaenda zake gizani
na hakuna aliyesema turudi.
Kulipokucha nikauandika, chini ya oili:
ushungi, elfu nane.

Jumamosi kaja kijana kutoka Tandahimba, Hokororo,
ana milioni tano na nusu kwenye mfuko wa rambo.
“Mama, lina shida gani?”
Sikujibu. Nikampa daftari.
Akasoma kwa kidole, petroli, oili, plagi, tairi,
midomo ikicheza. Alipofika kwenye tabo
akaomba kwanza aliwashe, alisikie.
Likanguruma. Uso wake ukabadilika,
nikaujua uso ule, nimeishi nao nyumba moja.

Akazima. Akarudi kwenye ukurasa, akakunja kipaji:
“Na huu ushungi, mama, ni kifaa cha wapi?”

Mfaume akainama haraka kufunga kamba za viatu.
Alikuwa amevaa kandambili.